Mgongo wa Mkwe

Bariadi, Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mjomba Januarius,

Shikamoo. Nakuandikia kwa barua pepe kwa sababu ulisema masikio yako hayawezi tena simu. Mara ya mwisho nilipokupigia nilipaza sauti hadi jirani akaja kuuliza kama Danford amenipiga.

Mama anasafiri. Yule daktari mzee wa misheni aliyekaa huku kwetu miaka mingi amempatia kitanda katika hospitali ya kwao. Ni kwa ajili ya tumbo lake. Anatakiwa awe amelazwa Jumatatu asubuhi, tarehe 11. Daktari atakayempasua anastaafu mwezi huu, na ameandika wazi kwamba baada ya siku hiyo hawezi kutuahidi kitu. Kwa hiyo ni Jumatatu hiyo au basi.

Mimi siwezi kumsindikiza. Mimba imefika miezi minane na shirika la ndege halinitaki. Atakwenda na Baba Goodness, yaani Danford wangu. Ndiye mwenye pasipoti. Aliipata walipompeleka nje kuangalia mashine za kuchambua pamba.

Najua unachowaza. Mkwe na mama mkwe! Tuna miaka saba ya ndoa, na hao wawili hawajawahi kukaa chumba kimoja wala kuambiana neno. Ukoo wa Danford kule Shishiyu bado unashika mambo hayo. Mama akija kwetu, Danford anatokea mlango wa jikoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani kwa watu. Nilimuuliza, "Sasa kwenye ndege utaingia shamba la nani?" Akanijibu, "Nitaomba kiti cha mbali." Na kweli aliomba. Mama atakaa mbele, yeye nyuma kabisa karibu na choo.

Watapita mji wako Jumamosi ijayo na kusubiri ndege ya pili saa chache. Najua huwezi kuingia ndani kwa wasafiri. Lakini namba yako nimeiandika kwenye karatasi iliyo mkobani mwa mama, kwa lolote.

Mpwa wako,
Esteria


Ugenini, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mwanangu Esteria,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama dirishani, kwa sababu sikuweza kukaa.

Mara ya mwisho kumwona mama yako Kwandu ilikuwa kwenye mazishi ya baba, mwaka 1983. Alikuwa na mtoto mgongoni, kaka yako mkubwa, na alinisindikiza hadi barabarani akiwa pekupeku. Aliniambia nisigeuke nyuma, eti anayegeuka harudi. Sikugeuka, na bado sijarudi. Tangu wakati ule nimekuwa mwalimu, mtunza maktaba, na sasa mzee wa kulipiwa nauli ya treni na serikali ya watu wengine. Kumbe ndugu yangu atapita juu ya paa la nyumba yangu! Nitakwenda uwanjani hata hivyo. Nitasimama upande wangu wa ukuta, naye atakuwa upande wake.

Sasa neno la maana. Umeandika "tumbo" ukaishia hapo. Mimi si mtu wa kuuliza magonjwa ya dada yangu, lakini lazima niulize hili. Katika uwanja huu msafiri anasimama ndani ya mashine inayoona kupitia nguo. Haionyeshi mwili, inaonyesha mchoro wa mtu kama mwanasesere, na mahali penye kitu pana alama ya njano. Je, Kwandu ana kitu chochote mwilini: chuma, mpira, bomba, kifaa cha hospitali? Kama anacho, ana haki zake, nami nimezisoma. Akisema mapema anapewa chumba cha faragha na mkaguzi mwanamke, na mtu wa kukaa naye anamchagua mwenyewe. Lakini lazima itangulie kusemwa. Mashine ikitangulia kusema, wakaguzi wanakuwa watu wengine.

Nijibu kabla hawajaondoka.

Mjomba wako,
Januarius


Bariadi, Jumatano, 6 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hana chochote mwilini. Tafadhali usimtie hofu kwa mambo ya mashine, maana hata lifti ya hospitali Mwanza aliiogopa.

Mvua imeshuka vizuri na watu wa Zagayu, kijijini kwake, wameanza kupanda pamba. Mama alitaka kuahirisha safari ili apande kwanza! Nimemshonea gauni pana la kitenge. Wanaondoka kesho alfajiri kwenda Mwanza. Danford amejaza zile fomu za safari usiku kucha kama mtu anayefanya mtihani, na mahali pa uhusiano ameandika kwamba yeye ni mtoto wake. Nikamwambia wewe ni mkwe. Akasema hakukuwa na nafasi ya kuandika mkwe, na mkwe si mtoto?

Tuombee.

Esteria


Uwanja wa ndege, Jumamosi, 9 Novemba 2024

Esteria,

Naandika nikiwa kwenye benchi, karibu na mlango wa ofisi ya usalama. Kaa chini ndipo usome.

Mama yako na Danford wamezuiwa, kila mmoja chumba chake. Hawajaumizwa. Afisa aliona namba yangu kwenye karatasi ya mkobani, akanitumia ujumbe, na kwa kuwa nilikuwa tayari hapa nje nimefika mara moja. Nakueleza kama nilivyoelezwa.

Kwandu aliingia kwenye mashine, na alama ya njano ikatokea tumboni, upande wa kushoto. Mkaguzi akamwambia ainue gauni. Hakuelewa. Mkaguzi akamgusa pale penye alama. Kwandu akashika gauni lake kwa mikono miwili na kupiga kelele. Wakauliza nani anaongozana naye. Danford alikuwa nyuma kabisa ya foleni. Wakamwita, wakamwambia, "Mwambie mama yako aonyeshe alichofunga tumboni." Alisema hajafunga kitu. Wakamwambia amtazame. Basi akageuka, akampa mgongo, akaondoka kwa haraka kurudi alikotoka. Walinzi wawili wakamkamata.

Sasa jiweke kwenye nafasi yao, japo inauma. Wana mwanamke mzee aliyeficha kitu chini ya nguo. Wana mwanamume aliyeandika kuwa ni mwanawe, ila kwenye ndege amekaa mbali naye kadiri alivyoweza, hamtazami, hasemi naye, anasema hakuna kitu wakati mashine imesema kipo, kisha anakimbia. Wanaamini amembebesha dawa za kulevya. Nilijaribu kueleza heshima ya ukwe. Afisa, mama mmoja mwenye miwani, alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Kwetu sisi, anayempenda mama yake humshika mkono."

Wanampeleka hospitali kupigwa picha za tumbo, kwa amri ya polisi. Gari limeitwa. Wakifanya hivyo wanaruhusiwa kumshikilia siku mbili, na Jumatatu itakuwa imepita.

Nilikuuliza, ukanijibu hana chochote. Nakuuliza tena, na sasa hakuna wakati wa aibu. Mama yako amebeba nini?

Januarius


Bariadi, Jumamosi, 9 Novemba

Mjomba nisamehe.

Ni mfuko. Mwaka jana utumbo ulijifunga, wakampasua Mwanza, wakautoa utumbo nje ubavuni, na haja yake inaingia kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa tumboni. Walijaribu kuurudisha ikashindikana. Ndicho anachokwenda kufanyiwa. Hakuna dawa za kulevya, Mjomba, ni haja ya mama yangu!

Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Ameacha kwenda harusini. Kanisani anakaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka, na watu wanasema Mama Kwandu siku hizi anaringa. Alinishika mkono akaniapisha kwamba mkwe wake asijue kamwe. Alisema, "Akijua hilo, nitapita wapi?" Danford nilimwambia ni uvimbe tu. Ndiyo maana alisema hakuna kitu. Hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Waambie. Lakini mwambie mwanamke peke yake, Danford asisikie. Na mama asijue kwamba wewe unajua. Wewe ni kaka yake.

Na huyo Danford! Nilimkabidhi mama yangu mikononi mwake. Mtu mzima, mama anapapaswa mbele ya watu, analia, yeye anageuka na kwenda zake? Hata mgeni angemtetea. Sitaki hata kumwona.

Wahi, Mjomba. Mtoto ananipiga mateke tangu niliposoma barua yako.

Esteria


Uwanja wa ndege, Jumamosi, 9 Novemba

Mama Goodness,

Wamenirudishia simu kwa muda, mlinzi yupo hapa ananitazama ninavyoandika. Namshukuru kwamba hajui Kiswahili.

Mimi ni mzima. Wamenikagua mpaka kwenye soksi. Wameukata mkate niliobeba vipande vipande, na yule aliyeukata anaogopa makombo kuliko mimi ninavyoogopa jela.

Usiniulize nilichoona. Sikuona. Niligeuka kabla. Waliniambia, "Mwambie avue." Mimi niseme neno hilo, kwa mama yako? Hata kama ningeweza kulitamka, angelisikia kutoka kinywani mwangu, na angekaa nalo maisha yake yote. Nikaona nikibaki nimesimama pale nitalazimishwa kutazama. Basi nikaondoka. Sikuwa nakimbia, nilikuwa natafuta mahali pasipo na macho yangu. Sasa wanasema nilikimbia, na nikieleza ninaonekana mjinga zaidi.

Wananiuliza kila mara alichofunga tumboni. Mwanzo nilisema hakuna. Sasa nasema sijui, na hilo limewaudhi zaidi. Kama unajua kitu kinachoweza kuwatuliza, mwambie mjomba. Usiniambie mimi.

Nasikia sauti ya mama kupitia ukuta. Amenyamaza sasa. Kunyamaza kwake kunanitisha kuliko kilio.

Danford


Bariadi, Jumamosi, 9 Novemba

Danford,

Ulimpa mama yangu mgongo. Mengine utawaeleza wenzako wa Shishiyu.

Esteria


Ugenini, Jumapili, 10 Novemba 2024

Mwanangu Esteria,

Ujumbe wangu mfupi wa jana ulishakufikia, kwa hiyo unajua wametoka. Leo nakuandikia yaliyotokea, kwa utaratibu, kwa sababu nadhani umemhukumu mtu kabla ya shahidi mkubwa kusema.

Barua yako iliponifikia, gari la kumpeleka mama yako lilikuwa limeshafika mlangoni. Nilimwomba yule afisa mwenye miwani tusogee pembeni. Nilimwambia habari ya mfuko kwa sauti ya chini kadiri kiziwi anavyoweza, maana mtu asiyesikia huwa hajui sauti yake imefika wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa nini yule kijana alisema hakuna kitu?" Nikamjibu, "Kwa sababu hajui, na mama hataki ajue." Akaniuliza kama hilo ni jambo la kufa mtu. Nikamwambia kwa upande wa mama, ndiyo.

Nikamwonyesha maandishi yaliyobandikwa ukutani mwao wenyewe, nyuma ya kichwa chake, kwa lugha sita: chumba cha faragha, mkaguzi wa jinsia yake, mwenzi wa kumchagua, na kwamba mwenye kifaa cha tiba havuliwi nguo. Kisukuma hakikuwa miongoni mwa zile lugha sita. Akasema sawa, gari lingoje, lakini mama mwenyewe lazima akubali, na lazima aelezwe kwa lugha yake. Mwenye lugha hiyo nilikuwa mimi tu.

Wakanifungulia mlango.

Esteria, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa jinsi alivyokuwa mdogo. Alikuwa amekaa sakafuni, kiti kipo, na gauni amelishika kwa mikono miwili. Nikasema, "Mwangaluka, Kwandu." Ilikuwa saa tisa alasiri, na ile ni salamu ya asubuhi, miaka mingi imenichanganya. Akaniangalia kama mtu anayepewa mbuzi asiye wake.

"Wewe nani?"

"Januarius."

"Januarius gani? Januarius ana nywele."

Nikamwambia nywele zimetangulia kurudi Bariadi. Hakucheka. Akaniuliza, "Kama ni wewe, ng'ombe aliyemvunja baba mguu aliitwaje?"

Nikakaa nikafikiri. "Baba hakuvunjwa mguu na ng'ombe. Aliyevunjwa ni jirani yetu, mzee Mhoja. Na alistahili, alikuja kumkamua ng'ombe wa watu."

Hapo ndipo machozi yalimtoka. "Ni wewe," akasema. "Keti basi, unasimama kama askari."

Nilimweleza: yuko mama mmoja, ni mkaguzi, mtabaki naye chumbani. Hutavua nguo. Utajigusa mwenyewe juu ya gauni, pale mashine iliposema, kisha atakupangusa viganja kwa kitambaa na kukipima. Sikusema ni mahali gani wala kwamba ninajua. Nilisema nikitazama ukuta. Nikaendelea kuusoma ule ukuta kama gazeti. Ikiwa ametambua, hajaniambia. Nami sitamuuliza hadi kaburini.

Nikamwuliza, "Unaruhusiwa mtu mmoja wa kuwa nawe. Unataka nani? Nikae mimi?"

"Wewe husikii. Ukikaa humu nitapiga kelele, mambo yangu yasikike mpaka Zagayu. Niitie mkwe."

Nilidhani masikio yananidanganya. "Mkwe? Danford?"

"Nina mkwe mwingine? Akae nje mlangoni. Mgongo wake uwe huku kwangu. Mtu asipite."

Nikamwambia, kwa upole, kwamba wewe nyumbani umekasirika sana kwa sababu Danford alimwacha. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni.

"Alimwacha nani? Ukumbi mzima ulinikodolea macho. Wazee, watoto, wanaume wenye kofia, wote wamesimama na mizigo yao wananitazama nikishikwa. Wengine walitoa simu. Mtu mmoja tu ndiye aliyenigeuzia mgongo. Na huyo ndiye mliyemkamata."

Niliyatafsiri maneno hayo kwa yule afisa, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na lingine la kuongeza. Alivua miwani akaifuta. Sijui kama alielewa. Labda alichoka tu. Lakini alimwagiza mlinzi amlete Danford, na hakumtia pingu.

Danford alisimama mlangoni, amekunja mikono, uso kwetu sisi wa nje. Mlinzi mmoja alitaka kupita kuchukua karatasi zake ndani. Danford alimwambia "hapana", kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayezuia fahali zizini, na mlinzi akangoja. Mlango ulifungwa na kufunguliwa kabla kahawa yangu haijapoa. Kitambaa hakikuonyesha kitu. Kazi iliyowashinda tangu asubuhi ilikwisha hivyo, bila mtu kuinua gauni.

Ndege yao ilikuwa imeshaondoka. Wamepandishwa nyingine leo asubuhi, na jioni hii watakuwa hospitalini, kabla ya Jumatatu. Nimewaandikia wakubwa wa uwanja malalamiko ya kurasa nne. Sidhani watayajibu, ila kuna mahali nimetaka waongeze lugha ya saba.

Kuhusu jibu lako la Jumatano, yamekwisha. Ulikuwa unamlinda mama yako kwa ukuta uliokuwa nao. Lakini kwa mumeo bado una deni la maneno, na maneno hayo si mimi wa kuyaandika.

Mjomba wako,
Januarius


Bariadi, Jumapili, 10 Novemba 2024

Baba Goodness,

Mjomba ameniandikia yote. Nimesoma nikiwa jikoni, ugali ukaungua, Goodness amekula chapati za jirani.

Nilikuandikia neno baya. Nalifuta, ingawa najua halifutiki. Kuna jambo nilikuficha tangu mwaka jana, na ndilo lililokuponza. Nilidhani namhifadhi mama, kumbe nilikutuma vitani bila ngao. Ukitaka kulijua nitakuambia, hata kama niliapa. Uliteseka kwa ajili yake, una haki ya kulijua.

Mkeo,
Esteria


Hospitalini, Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mama Goodness,

Wamempokea asubuhi hii. Wamempa kitanda cha dirishani. Daktari mzee alikuwepo, na amemleta binti yake aliyekulia kwetu, anaongea Kisukuma kama mtu wa Nassa. Yeye ndiye atakayesimama kitandani na kutafsiri. Mimi kazi yangu ni kusaini na kusubiri kwenye korido.

Usiniambie. Nimefikiri sana juu ya barua yako, na hilo ndilo jibu langu. Kule uwanjani yule afisa mwenye miwani alitaka kunieleza kilichoonekana kwenye mashine, ili nijue hawakunishika bure. Nikamwambia sitaki. Akashangaa, akasema ni haki yangu kujua nilichotuhumiwa. Nikamwambia haki hiyo nimeiacha. Sisemi kwamba sikukasirika. Nilikasirika, kwa sababu ungeweza kuniambia tu, "Kuna kitu, usiulize." Nisingeuliza. Siku nyingine niambie hivyo, inatosha.

Nataka nikuambie jambo moja ambalo mjomba hakulijua, kwa sababu hasikii.

Nilipokuwa nimesimama pale mlangoni, kazi ilipokwisha, yule mkaguzi alitoka, na mama akabaki ndani akijitengeneza. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Mimi sikugeuka. Nikasikia sauti yake nyuma yangu, karibu kabisa.

"Umekula?"

Mama Goodness, miaka saba! Sikujua nimwite nani, nikamwita mama.

"Bado, mama."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Nenda ukale," akasema. "Nitakungoja hapa."

Danford